Kisu cha Pembe na Ufunguo wa Stoo

Jumatatu, 3 Juni
Mgongo umegoma. Mifuko ya saruji sitini tangu asubuhi. Mtunza stoo anaacha kazi Ijumaa, na stoo kuna kiti. Nimempigia mama watoto, nikamwambia cheo ni changu. Akauliza nani kaniambia. Nikasema mtandao unakatika.

Mnyapara ana udhaifu mmoja: vitu vya kale. Ofisini kwake kuna kabati zima la randa, kufuli na pasi za mkaa, na ole wako uguse. Leo, tukivunja ukuta wa zamani, nimekuta kisu cha kukunja katikati ya matofali. Kiliingia kwenye soksi kabla hajageuka mtu.

Jumanne, 4 Juni
Nimekipeleka kwa mama anayenoa visu nje ya soko. Alikifungua na kukifunga, akasikiliza springi inavyolia. Akanionyesha bapa lilivyoliwa na jiwe la kunolea. Kwenye shina lake kuna chapa: taji dogo na herufi tatu zilizokaa kombo, kazi ya nyundo na mkono. Mpini ni pembe. Alipasha sindano moto, akauchoma mpini ubavuni pasipoonekana, nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Plastiki hainuki hivyo, alisema. Miaka themanini, labda na zaidi.

Kisha akanionya, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mlevi, nisikisugue wala nisikichome tena, maana kitu cha kale thamani yake ni pamoja na uchafu wake. Nikaitikia, naam, mama. Njiani nikanunua sindano.

Jumatano, 5 Juni
Fundi wa vigae analala kitanda cha juu yangu. Anaitaka stoo, ingawa anasema haitaki. Amekitazama kisu changu mbele ya chumba kizima na kusema ni plastiki ya juzi. Nikawasha jiko. Nikachoma. Harufu ya nywele. Akasema yeye ana mafua. Nikachoma tena. Akasema huenda ni upande huo tu, watengenezaji siku hizi wajanja. Nikachoma upande wa pili. Akaenda kuwaita wapiga rangi nao waje wanuse.

Watu saba, matundu kumi na moja. Wote wamekubali kuwa ni pembe. Nimewaambia kina miaka mia.

Alhamisi, 6 Juni
Mpishi wa kambi amelalamika kwamba chapa haisomeki. Nikaisugua kwa msasa. Herufi ziling'aa vizuri sana. Nikazidisha kidogo. Zikabaki mbili. Nikajaribu kuzilinganisha, ikabaki moja, na taji sasa linafanana na kitunguu. Nikaacha hapo, mimi si mjinga.

Msasa nilipewa na fundi wa vigae, na tochi alinishikia yeye. Mtu mwema. Nilimdhania vibaya.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeingia ofisini nimechomekea shati. Nikamwambia mnyapara ni zawadi, kisu cha babu mzaa baba, miaka mia na ishirini. Akavaa miwani. Akakifungua, akasikiliza springi, uso ukachangamka kabisa. Nilikwisha kuuona ufunguo wa stoo mkononi mwangu.

Halafu akageuza mpini. Akauliza kama babu alikuwa akikitumia kuchujia chai. Akauliza chapa iko wapi. Nikasema jana ilikuwepo.

Akavua miwani kama mtu aliyefiwa. Akasema springi kweli ni ya zamani, lakini sasa nani atajua ni ya lini? Kisha akaniuliza, "Bwana we, nikikupa stoo, si utapasua kila mfuko uhakikishe ndani kuna saruji?"

Nikaona huu ndio mtihani wenyewe. Nikajibu kwa ukakamavu: kila mfuko, bosi.

Ufunguo amepewa fundi wa vigae. Mimi nimerudishiwa kisu.

Jumamosi, 8 Juni
Sikulala vizuri, lakini kosa nimeliona. Mnyapara hakunusa hata mara moja. Mtu ataaminije asichokinusa? Na sindano yangu ilikuwa nene mno, ndiyo iliyoharibu sura. Nimeazima nyingine kwa fundi cherehani, nyembamba kama unywele.

Jumatatu asubuhi nakwenda tena ofisini, na jiko langu mkononi. Nimeukagua mpini kwa makini. Karibu na pini ya chini nafasi bado ipo. Matundu matatu. Manne, nikibana.