Kadi Nzito Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Nanunua kadi ya RAID. Wamalwa atapasuka!

Niandike vizuri, maana siku moja watu watasoma. Mimi Nasser ndiye wa kwanza kubeba kamera ya video Kyebando hii ya Kampala. Arusi mia tatu nimezirekodi. Kaseti zililiwa na mafuriko, stoo ya Bwaise. Lakini mimi si mjinga, nilikuwa nimeshahamisha zote kwenye diski. Diski moja nyeusi, iko kabatini. Humo mna arusi za watu, na mna mke wangu Hajara.

Marehemu nilimrekodi mara moja tu. Maisha yote nilikuwa kwenye arusi za wengine. Idi ya mwaka 1998, sekunde arobaini. Anatoka jikoni na mwiko, ananiambia niweke hiyo mashine chini nile, pilau inapoa.

Leo binti yetu Firdaus kapiga simu. Jumapili mwanawe Sharifah anaolewa, anataka bibi aonekane kwenye skrini kabla ya chakula. Akauliza kama diski bado nzima. Nimeudhika. Nzima! Baada ya simu nikaitikisa. Imelia kidogo ndani.

Jirani yangu Wamalwa, Mkenya wa Bungoma, yeye anatunza vitu vyake kwenye flashi mbili. Moja ndani ya kopo la majani ya chai, nyingine kwa dadake Nerima kule Nakawa. Kopo! Kama mwizi wa sukari. Kadi ni jambo la wanaume. Unaichomeka ndani ya kompyuta, inafunga diski mbili ziwe kama kitu na kioo chake. Hii ikiandikwa, na ile inaandikwa. Moja ikifa, ya pili inaendelea kama mjane mwenye akili.

Jumanne, 5 Agosti

Nakawa, dukani kwa Lamwaka, mama wa Kiacholi anayeuza vyombo vya kompyuta vilivyokwisha tumika maofisini. Ameweka kadi tatu mezani. Akaanza maswali: kompyuta yako ina nafasi gani, diski zako za waya gani, betri ya kadi unaitaka? Mengi kama polisi.

Mimi nikazipima kwa mkono. Kadi ni kama jembe, uzito hausemi uongo. Aliyoisifu yeye ilikuwa nyepesi kama biskuti. Nikachukua ile nzito, ina bati la kupoza joto kama ubavu wa mbuzi. Akasema betri yake imekufa, umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi imepotea. Akasema pia ni ndefu, haitaingia. Nikamwambia nilishika kamera yeye akiwa mgongoni mwa mamake.

Akasema ndiyo, mzee wangu. Lakini hata hiyo kadi huihitaji, nunua diski nyingine ukaiweke nyumba nyingine. Kioo hakitunzi kitu, ukijichafua uso nacho kinachafuka. Basi walau filamu uzinakili pembeni kwanza kabla hujachomeka diski yako. Nikasema sawa.

Sikumaanisha.

Jumatano, 6 Agosti

Kadi haikuingia. Nikakata bati kwa tupa, nikasukuma kwa goti. Imeingia! Wamalwa kachungulia dirishani, kauliza kama nachinja kompyuta au natibu. Nimefunga pazia.

Nikachomeka diski yangu nyeusi na nyingine niliyonunua kwa Lamwaka, nikawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe madogo kama sisimizi, Kizungu kitupu. Miwani nimeisahau kwa Firdaus. Mwisho wa maneno kuna Y na N. N ni hapana, hiyo naijua, na Nasser hasemi hapana mbele ya mashine. Nikabonyeza Y. Ikauliza tena! Kama mama mkwe. Y.

Imefanya kazi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nikakaa kando yake na kahawa, najisikia waziri.

Imemaliza. Nimefungua. Lazima niseme kweli, kadi ni ya kazi. Diski zote mbili zinafanana kabisa, hakuna tofauti hata nukta.

Zote tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijala.

Nimempigia Lamwaka. Akauliza kama nilinakili kwanza. Kisha kama nilibonyeza Y. Nikasema mara mbili. Akasema pole, mzee wangu, kwa sauti ile ya msibani. Kadi ilikuwa inauliza kama ifute kila kitu. Banange, jamani! Nani anamuuliza mtu swali la kifo kwa herufi ndogo?

Nikauliza kama kuna fundi wa kuzirudisha filamu. Akasema ukuta ukipakwa chokaa unaweza kukwangua ukaona rangi ya zamani. Kadi hii haikupaka chokaa, ilibomoa ukuta.

Sura ya Hajara ninayo kichwani. Sauti ndiyo inayonikimbia. Nimejaribu kuisema mwenyewe jikoni, maneno yale yale, na mwiko mkononi. Imetoka sauti ya Nasser.

Ijumaa, 8 Agosti

Firdaus kapiga. Nimesema kadi bado inapanga filamu. Kasema Mungu akubariki baba, nikaona aibu mpaka miguuni.

Halafu akili ikaja! Nerima yupo kwa kakake leo. Umbo lake na la marehemu ni lilelile. Nikamwomba ajifunge shungi, atoke jikoni kwangu na mwiko, asimame mbali, aseme niweke mashine chini, pilau inapoa. Picha ikiwa na ukungu, nani atajua?

 Nerima kasema shemeji, hata shetani angeona haya. Kisha akafanya, kwa huruma. Akasema maneno yote vizuri, Kibukusu cha kwao Bungoma kinasikika ndani yake.

Nikarudisha nyuma nitazame. Giza tupu. Kifuniko cha lensi nilikisahau! Miaka arobaini ya kamera! Giza, na ndani ya giza mwanamke mwingine ananiita nile. Nikazima haraka.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamalwa kaja na kopo lake. Nerima amemwambia yote. Ananiita Hajji, ingawa Makka sijafika. Simrekebishi.

Kasema, Hajji, kadi yako imeshiba? Imekula arusi mia tatu na bado inataka? Nikasema niache nife. Akafungua kopo, akatoa flashi yenye harufu ya chai. Ile siku ya arobaini ya Hajara nilimpa hiyo filamu, nimwonyeshe mkono wangu usivyotikisika. Nilikuwa nimesahau. Yeye akainakili, nakala moja kopo, moja kwa Nerima.

Nikaangalia. Yumo. Mwiko. Pilau. Nililia mbele ya Wamalwa, niandike tu, nitaichana karatasi hii baadaye.

Kasema nirudishe flashi na kilichomo. Mkewe Nasike alipolazwa hospitali, Hajara alimlisha yeye Wamalwa mwezi mzima. Kasema yule mama si wako peke yako, Hajji. Akaondoka, mlangoni akageuka: hii ndiyo RAID ya Bungoma!

Jumapili, 10 Agosti

Arusi. Kwanza nimekataza simu zote zisinyanyuliwe, watu wasiniibie filamu. Skrini ikawaka. Hajara akatoka jikoni. Hata wapishi wakaja kutazama. Akasema, Nasser, weka hiyo mashine chini, ule, pilau inapoa.

Firdaus kaanguka kifuani kwa Sharifah. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama na kamera begani, narekodi skrini. Sahani yangu mezani. Nilipofika, wali ulikuwa baridi kama jiwe.

Kifuniko nilikisahau tena.

Watu wakaja kunishukuru. Nikawaambia washukuru kadi ya RAID. Wamalwa kakohoa mpaka akapewa maji.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku njema. Hajara nimemwingiza kwenye diski mbili za kadi, kioo na kioo. Sasa yuko salama.

Flashi ya Wamalwa nimeifuta, nikaipangusa harufu ya chai, nimemrudishia ikiwa safi. Mtu mstaarabu harudishi chombo kichafu. Na ajue sasa nani mwenye filamu! Kesho naenda Nakawa kwa Nerima kuichukua na ile yake. Hajara hawezi kulala nyumba za watu.

Kadi nimeivika kaveera, mfuko wa plastiki, isiingie vumbi. Imepata joto zuri. Tangu asubuhi inalia pii, pii, ndiyo afya yake. Saa sita umeme umekatika, ukarudi. Sasa skrini nyeusi tena, wale sisimizi weupe, mwisho Y na N. Miwani bado iko kwa Firdaus.

Lakini safari hii najua inauliza nini. Inauliza kama nimeridhika.

Nimebonyeza Y.