Kura ya Pumzi

Jumatatu, 9 Machi
Jumamosi kijiji kinachagua kiongozi wa msako wa kulungu. Nitakuwa mimi. Egon amekishikilia cheo tangu kilipomtoka baba yake, na mtu mwenyewe hasemi! Nani anaongozwa na kisiki? Leo nimesimulia jikoni kwa dada yangu Maj-Lis jinsi nilivyomkodolea macho kulungu dume mpaka akazimia. Binti yake, Tuva, hata uso hakuinua. Kasema, "Mjomba, kamba hizo! Tena kamba ya kuvutia meli." Dada katoa "Haaya" moja tu, akachungulia kikombe. "Haaya" ya huku kwetu Västerbotten, kaskazini kwenye barafu, ni mbaya kuliko tusi.

Jumanne, 10 Machi
Nimeomba kura nyumba kwa nyumba. Kila nyumba kahawa yenye kipande cha jibini ndani, desturi yetu. Kila nyumba "Haaya." Tumbo linanguruma kama trekta. Kwa bibi Signe, mwenyekiti wetu, nani kakalia kiti kizuri? Egon! Kasema baridi itapungua. Basi. Na Signe kavuta hewa kwa midomo: "Fyup!" Ndiyo yetu ndiyo hiyo, hatuitamki, tunaivuta. Ikishavutwa hairudi; mashamba yameuzwa kwa fyup. Mimi na kulungu aliyezimia sipati, yeye anapata kwa habari za baridi!

Alhamisi, 12 Machi
Nimegundua! Shule niliiacha mapema, akili zikanifuata nyumbani. Nimetoka saunani, chumba changu cha mvuke wa moto, nikatumbukia kwenye shimo la barafu ziwani. Mdomo wenyewe: "Fyup!" Hakuna binadamu anayeingia maji yale asivute pumzi. Kwa hiyo mkutano utafanyika saunani kwangu. Wote wanashuka shimoni, mimi nabaki juu, nauliza kama wananitaka. Fyup kijiji kizima! Tuva kasema huo ni wizi wa kura. Nimemwambia ni sayansi. Kasema, "Chai hiyo, Mjomba, tena haina sukari." Lakini Signe kakubali mwaliko. Anapenda kuchemka.

Jumamosi, 14 Machi
Asubuhi nimemwagia maji ukingo wa shimo, yagande, ung'ae kama kioo, wageni waone heshima.

Wamekuja wote. Nimechochea moto mpaka Egon akawa mwekundu kama soseji. Signe katangaza kwamba kura itapigwa nje. Tukatoka mbio na taulo zetu. Nikawapanga ukingoni, nikajiweka pembeni, nikakohoa kama waziri. Nikapiga hatua moja mbele.

Ukingo unang'aa, kweli. Pia unateleza.

Nikaingia peke yangu. Maji hata kifua hayajafika, Egon, ambaye hajawahi kumwuliza mtu swali, kainama na kuuliza kwa upole, "Hilding, unaonaje, niendelee mimi?"

FYUP!

Signe kagonga ndoo kwa kata: mpinzani mwenyewe amekubali, imepita. Nikafungua mdomo nipinge. Fyup! Wakauliza kama nitapika kahawa msimu wote. Fyup! Kama nitabeba matumbo ya kulungu. Fyup, fyup! Tuva alikuwa anapiga makofi: "Leo hata kamba moja haijatoka!" Hapo ndipo Egon akanivuta kwa kwapa, akanifunika taulo yake. Ujanja wa kisiasa huo. Namjua.

Jumapili, 15 Machi
Pua imeziba, miguu ya buluu. Nimetafakari kwa kina. Mpango ulikuwa safi, kosa ni la maji. Mwakani natumia samaki wa kuchacha, wale wa mkebe uliovimba. Ukiufungua ghafla chini ya pua ya mtu, uvundo ule lazima umshtue avute pumzi.

Nimefanya jaribio leo mchana, jikoni kwa Maj-Lis. Nimetoboa mkebe, mchuzi ukaruka mpaka kwenye mapazia, nikamwuliza papo hapo kama ananiona kiongozi.

Hajavuta. Kaibana pumzi, mashavu yamejaa, ananionyesha mlango kwa mwiko.

Lakini hajasema "Haaya." Hiyo ni kura moja tayari.