Visanduku Viwili Vilivyovuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kuchuja, pamoja na Kamati Ndogo ya Kuchuja Kilichochujwa. Madaktari, wauguzi, wagonjwa mnaoweza kusimama na ninyi msioweza: hoyee! (Hoyee hafifu.)

Leo nimeamka nikicheka peke yangu, mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, una homa?" Nikamwambia, mama watoto, nina dijitali! (Kicheko. Mkurugenzi, msemaji mwenyewe, anacheka kuliko wote.)

Ndugu wadau, kila faili la mgonjwa katika hospitali hii lina visanduku vya kujaza arobaini na vitatu, na kuliingiza kwenye kompyuta si kumimina maji kutoka ndoo hii kwenda ndoo ile, bali ni kuamua kimkakati, kisanduku kwa kisanduku, kipi kinavuka na kipi kinabaki, kazi ambayo wengine huimaliza kwa siku moja, lakini sisi kwa umakini tumeikalia miezi ishirini na sita, vikao mia moja na nane, ufanisi asilimia mia na kumi na mbili! (Makofi ya Kamati.)

Kisanduku cha umri tumekiacha, akina mama walinuna. Cha uzito vilevile, na hapo walionuna ni akina baba. Cha kundi la damu tumekiacha kwa sababu wajumbe wawili walizimia kwa kulitaja tu. Cha dawa zinazomdhuru mgonjwa tumekiacha kwa kuwa kwenye mafaili mengi kilikuwa kitupu, na mimi utupu siupendi hata kidogo. Vilivyovuka ni viwili: jina la mkurugenzi aliyesimamia mradi, na picha yake. (Makofi ya Kamati. Mama mmoja, fundi cherehani, anasimama, futikamba shingoni.)

("Samahani, baba Mkurugenzi. Binti yangu anapasuliwa leo saa nane. Kuna dawa ya usingizi iliwahi kumkata pumzi, jina lake silikumbuki, liliandikwa kwenye faili. Daktari anasema bila hilo jina hamgusi, na tumbo linazidi kuvimba.")

Swali zuri mno! Mama, mwanao ni mwanangu, na awamu ya tatu ya mradi itamfikia mwaka keshokutwa. (Zogo. Bibi wa masjala, mtunza mafaili, anajifunga kanga kiunoni na kutoka.) Mama, haraka haraka haina...

("Saa saba na nusu hii! Nitamzika na picha yako?")

Tulieni jamani! Picha ni ya rangi! Nikisema "Chuja", mwitikie "Kwa maendeleo"! Chuja! Chuja! ("Faili!") Dijitali! ("Faili! Faili!") Naam, hamasa naiona.

Kwa kumalizia, shukrani. Namshukuru fundi seremala aliyetuchongea kompyuta hizi thelathini kwa mbao nyepesi, akazipaka rangi vizuri hata mimi mwenyewe nikabonyeza kitufe kikanichoma kibanzi, wakati mtambo wenyewe tukisubiri kikao cha kuamua kama tuuagize. Naishukuru Kamati kwa kuchuja visanduku vya mtambo usiokuwepo, kazi ambayo mtu wa kawaida hawezi. Na kipekee kabisa namshukuru bibi wa masjala, ambaye nilimwandikia barua tatu achome mafaili yote ya zamani, naye kwa ukaidi wake, kwa utovu wake wa nidhamu, akafunga kabati na kulala na ufunguo kifuani, na kesho atajieleza kwa maandishi...

(Mlangoni, bibi wa masjala anahema, faili mkononi: "Hili hapa, mwanangu! Jina la dawa hilo, wino mwekundu, niliandika mwenyewe. Kimbia!" Fundi cherehani anakimbia. Ukumbi mzima unamfuata, wenye magongo nao, vigelegele mpaka chumba cha upasuaji.)

Jamani, mnakwenda wapi? Bado sijakata utepe! Kamati, hata ninyi? Haya, Mgeni Rasmi, wewe kiti, asante kwa kunisikiliza hadi mwisho.