Nimeyaosha Makombe ya Baba

Leo nimeaibika mbele ya mgeni, tena kwa usafi wangu mwenyewe. Nawaandikia mlio mbali, mcheke huko huko.

Mnajua tumemzika baba mwezi uliopita. Mnajua pia alikuwa mpishi kule Tanga miaka mingi kabla ya kurudi hapa Nyegezi. Kumbe siku za mapumziko alikuwa akiokota makombe ya konokono wa baharini kwa ajili ya chama cha wapenda viumbe! Aliacha sanduku zima chini ya kitanda. (Nilidhani ni vitu vya uganga. Nilikuwa naliogopa.)

Juzi ikaja barua. Katibu wa chama, Mama Salome, anakuja kutoa pole na kuyaona makombe. Wanataka jina la baba liingie kwenye orodha yao ya waokotaji. Baba yangu! Aliyeishia darasa la nne!

Asubuhi nikasema mgeni asikute uchafu. Kwetu vitu vya marehemu husafishwa. Nikanunua sabuni ya unga, hii ya kutoka nje iliyojaa madukani siku hizi. Ndani ya kila kombe palikuwa na pamba na kikaratasi kilichokunjwa. Nikavichokonoa vyote, nikavitia jikoni motoni. Nikasugua, nikapaka mafuta ya mgando. Yaling'aa, jamani! Mengine yana madoa kama chui. Nikakaa chini kabisa nikiyatazama: mdudu asiye na mikono amejengaje hivi?

Saa nane Mama Salome akafika, nikampa chai. Akashika kombe moja, akachungulia ndani.

"Pole na msiba, mwanangu. Vikaratasi viko wapi?"

"Ule uchafu, mama?"

Dada yangu Kabula akadakia, "Amechemshia chai. Hiyo unayokunywa."

(Ni kweli. Sikukana.)

Mama Salome akaweka kikombe chini taratibu. Akanieleza: kila kikaratasi kilisema kombe limeokotwa wapi na lini. Kwa vikaratasi hivyo baba aliwafundisha wenye vitabu konokono gani anaishi wapi. Bila karatasi ni mapambo tu. Jina haliwezi kuandikwa.

"Kosa ni langu, mama, si la baba," nikasema. "Lakini kuna moja sijaliosha. Ndilo tunalozuilia mlango wa jikoni; baba mwenyewe aliliweka pale."

Kabula akalileta, limejaa masizi. Ndani, pamba. Ndani ya pamba, mwandiko wa baba: "Tanga, Jumapili ya Pasaka. Maji yamekupwa. Chini ya jiwe kubwa. Jiwe nimelirudisha."

Mama Salome akasoma mara mbili. Akatoa kalamu.

Basi baba ameingia kwenye orodha kwa kombe moja, lile nililoona uvivu kuliosha. Mkimaliza kucheka, jueni: katika nyumba hii, uvivu wangu ndio uliomheshimu marehemu.