Siku Kumi Bila Simu Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya kufukuza mashetani. Kila mwaka navaa kinyago cha shetani, mke wangu Sayoko ananirushia maharage makavu huku akipiga kelele, "Mashetani nje! Bahati ndani!" Tunacheka, tunakula. Mwaka huu nilikuwa bado sijavaa kinyago. Akaanza kurusha! Na kwa nguvu! Moja limeniingia sikioni, mpaka sasa halijatoka.

Sababu: amegundua kwamba kile kiti cha pili cha kinyozi hakikupelekwa kutengenezwa. Nimekiweka rehani. Kiti cha marehemu baba yake, aliyetuachia duka. Nilimweleza kwamba wateja wenyewe hawajazi hata kiti kimoja. Hakutaka kunielewa.

Kaenda kwa dada yake, mji wa Nagaoka. Mlangoni kanipa masharti. Amepeleka picha yangu kwenye ukumbi wa pachinko, ile kamari yangu ya gololi, na kujaza fomu ya familia. Wakiniona tu mbele ya zile mashine za gololi, wanampigia simu. Siku kumi. Simu isipolia, tarehe kumi na tatu anarudi kwa treni ya saa nane mchana. Ikilia hata mara moja, harudi tena. Akasema hanitanii, miaka thelathini kanivumilia, amechoka. Machozi yalimtoka. Na mimi yalinitoka, ingawa yangu huenda ni ya lile harage.

Siku kumi! Mchezo wa watoto.

Jumanne, 4 Februari

Kaja Tsukuda, meneja wa ukumbi, kunyolewa. Kunyolewa ni neno la heshima tu. Ana nywele ishirini na nne. Nazivuta kutoka sikio la kushoto, nazilaza juu ya kipara hadi la kulia, nazigandisha kwa mafuta. Kazi ya dakika arobaini. Mji mzima hakuna mwingine anayeiweza. Anataka zikae sawasawa, binti yake anaolewa wiki ijayo.

Wembe ukiwa shingoni, nikamuuliza kwa upole habari za ile picha yangu. Akasema fomu ni fomu, haichani ng'o, na mimi niende kwa Bibi Ukai wa ofisi ya afya, anawasaidia watu wenye shida kama yangu. Shida! Nikamwambia sina shida, nina mke aliyekasirika. Akacheka, kisha akaropoka kwamba picha yenyewe ni ya harusi yetu. Ya harusi! Wakati ule nilikuwa na nywele kama jogoo! Hakuna mhudumu atakayenijua. Sijui nifurahi au nilie.

Jumatano, 5 Februari

Kwa Bibi Ukai. Nimekwenda ili Sayoko asikie kwamba nimekwenda.

Kanipa karatasi ya maswali ishirini. Umewahi kudanganya kuhusu kucheza? Ndiyo. Umewahi kuuza au kuweka rehani kitu cha nyumbani? Ndiyo. Umewahi kucheza ili urudishe ulichopoteza? Ala! Sasa mtu anacheza kwa nini kingine? Ndiyo. Nimepata kumi na saba! Shuleni sikuwahi kuvuka tisa.

Bibi Ukai akashusha pumzi. Eti huu si mtihani. Eti saba tu zinatosha kuonyesha kwamba mchezo umenitawala, na mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamjibu sifichi, akitaka abandike matokeo ukutani. Kanipa kadi yenye namba ya simu: hamu ikinipanda, nipige, yuko mtu wa kunisikiliza. Tena kadi ya benki nimkabidhi mke, nibadilishe njia nisipite karibu na ukumbi, na Jumamosi jioni nihudhurie mkutano wa wenzangu.

Nikitoka nikakutana na Numata, fundi mikeka, duka lake linatazamana na langu. Kapata kumi na tisa! Macho mekundu, eti leo ndiyo mara yake ya kwanza kujiona alivyo. Anajidai tu. Nikarudi kumwomba Bibi Ukai nifanye upya, kuna swali nililijibu harakaharaka. Kakataa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeingia ukumbini. Si kucheza! Kukagua. Mke wangu kawaamini watu hawa wanilinde. Je, wanalinda? Hawalindi! Dada mhudumu kaniinamia, karibu sana mzee. Nikapita mbele yake mara tatu, uso kwa uso. Wapi! Nilimwonea uchungu Sayoko. Nikakaa kwenye mashine ili yule dada apate nafasi ya kunitazama vizuri.

Saa moja baadaye hamu ikanipanda kwelikweli. Basi nikafuata ushauri, nikapiga ile namba. Akapokea mama mmoja mpole, akanipongeza kwa kupiga. Akauliza niko wapi, mbona kelele. Nikamwambia niko mbele ya mashine, lakini asiwe na wasiwasi. Akasema, "Inuka sasa hivi, baba. Toka nje, tuongee huku unatembea." Nikamwomba asubiri kidogo, gololi zinamwagika. Akasubiri! Dakika kumi na mbili, mara kwa mara ananiita, baba, upo? Gololi zote zilipokwisha nikamshukuru, nikatoka nje.

Kwa hiyo ile namba inasaidia.

Jumamosi, 8 Februari

Makubwa! Nilikuwa ukumbini, ukaguzi wa tatu. Ghafla wahudumu wakamzunguka mtu mlangoni. Numata! Ana nywele nyingi bado, wakaona ndiye yule bwana harusi wa kwenye picha. Kumbe yeye alikuja kujaza fomu yake mwenyewe, wamfungie mlango. Wakampigia Sayoko palepale. Nikajifunika gazeti.

Numata akaomba simu. "Shemeji, ni mimi Numata, jirani yenu. Wamekosea mtu." Alipokuwa akisema hivyo gazeti liliniteleza kidogo, macho yetu yakakutana. Akanitazama, mimi nikamtazama. Akakata simu bila kuongeza neno.

Jioni kanifuata dukani. Eti alinyamaza kwa sababu jambo lile ni langu kumwambia mke wangu, si lake. Eti twende wote mkutanoni, atanishikia nafasi pembeni yake. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshavua aproni. Kisha akasema kila anayesimama na kueleza ukweli wake anapigiwa makofi, na yeye ataanza. Aha! Akianza yeye na kumi na tisa zake, mimi na kumi na saba nitaonekana mtu gani? Nikamwambia nina wateja. Duka lilikuwa tupu. Akalitazama duka, akanitazama, akaenda zake.

Jumatatu, 10 Februari

Tsukuda kaja kuomba radhi kwa kosa la juzi. Na kuomba picha yangu mpya! Nikawaza kidogo tu. Nikampa picha ya kisogo changu. Nikamwambia sisi vinyozi hujulikana kwa kisogo, ndipo kazi ya mkono inapoonekana. Akaipokea kwa mikono miwili.

Akili zangu wakati mwingine zinanitisha mwenyewe.

Jumanne, 11 Februari

Nimekamatwa dakika ya nne.

Ukumbini watu wote wanatazama mashine. Wahudumu wanapita nyuma yao. Kutwa nzima hawaoni kitu kingine ila visogo! Mbona hakuna aliyeniambia?

Wakanipeleka kwa Tsukuda. Simu mkononi, kidole tayari. Nikapiga magoti. Nikamwambia ndoa yangu iko kwenye hicho kidole chake. Hakutikisika. Eti kunificha ni kunimaliza. Ndipo nikamuuliza, taratibu tu, siku ya harusi ya binti yake nywele atalazwa na nani. Akatazama dirishani. Nje upepo ulikuwa unang'oa miavuli ya watu.

Akaweka simu chini. Akasema nisikanyage tena pale maisha yangu yote, nikamwahidi. Akanifungulia mlango bila kunitazama, akasema leo amejidharau. Mimi nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya kumi! Kule Nagaoka simu haijalia kwa ajili yangu! Nimeshinda!

Nimefagia duka, nimepika wali, nimenunua maua. Nikafika stesheni saa saba na dakika ishirini. Mapema mno. Theluji inaanguka, vidole vimekufa ganzi. Mkabala na stesheni kuna ukumbi mwingine, mdogo. Hawa hawana picha yangu yoyote. Na Tsukuda nilimwahidi ukumbi wake, si huu. Nikaingia kuota joto.

Saa nane kasoro dakika tatu mashine ikaitika. Taa zote! Muziki! Gololi kama mvua ya mawe! Miaka thelathini sijaona kitu kama kile. Na mashine ikishaitika huwezi kuinuka, ukiinuka umepoteza.

Saa nane na dakika tano Sayoko alisimama nje ya mlango wa kioo. Koti lake la kijivu, begi mkononi, theluji mabegani. Aliniona. Nilimwona. Nikamwinulia kidole kimoja: dakika moja tu, mama! Akasubiri hiyo dakika. Sitamsingizia, alisubiri hata tatu. Nikamwinulia kidole tena. Akaongea kidogo na mhudumu wa mlangoni, akavuka barabara kurudi stesheni.

Nilitoka saa tisa. Gololi zote nilikuwa nimezirudisha mashineni. Mhudumu kanikabidhi mfuko alioachiwa na Sayoko: achari ya figili aliyotengeneza dada yake, na ujumbe kwamba nile kabla haijachacha, na nguo zake nimtumie kwa posta. Nikakaa kwenye benchi la stesheni nikaila yote. Shemeji anatia chumvi nyingi mno.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini na nimeona kosa liko wapi. Treni ilifika saa nane kamili. Kamili! Ingechelewa saa moja tu, angenikuta jukwaani na maua. Kesho nitawaandikia watu wa reli barua kali ya malalamiko. Nitaituma palepale posta, maana ya nguo lazima niende.