Katiba Mpya na Hakimu Aliyetupa Mgongo

(Hakimu Sedekia anahutubia baraza la milimani, nyuma ya Uyole, mwaka 1956. Anahutubia akiutazama ukuta, kwa kuwa Tusekile, mjane wa mwanawe, amekaa mstari wa mbele, na kwa mila yao mkwe na baba mkwe hawatazamani.)

Mabwana majumbe, mabwana wazee wa baraza, Bwana Karani Jailos, wachungaji, makatekista, wenye viti, wasio na viti, na Mheshimiwa Mimi Mwenyewe, mwagonile! (Umati: "Ndaga!") Nawaona wote vizuri. (Kicheko.)

Leo nazindua Katiba Mpya ya Baraza, yenye sura tisa na vifungu mia nne na kumi, iliyotungwa na komiti ya watu saba ambao sita kati yao ni mimi, nami nasema bila kujisifu kwamba jaji mmoja Mzungu kule Iringa aliponisikia nikiieleza alivua joho lake akanipa nilivae, nikakataa tu kwa sababu ya joto. (Sauti: "Iringa joto, mzee?") Nyamaza, Saulo! Hiyo ni statistiki.

Sasa, hakimu aisomeje Katiba wakati watu wamebadilika? Zamani mkwe akimwona baba mkwe njiani alijifunika kaniki akaingia vichakani. Leo asilimia tisini na mbili nukta nne ya wakwe wanapanda lori moja na baba wakwe zao kwenda soko la Mbalizi, gunia moja limekaliwa na wawili. Kwa hiyo hakimu wa kisasa hasomi andiko tu, anasoma roho ya andiko, anaifanyia Katiba interpritesheni kwa mujibu wa maendeleo, anaitanua pale inapobana, na... (Makofi. Tusekile anasimama: "Basi leo nisikilize, baba. Ng'ombe wangu, niliyepewa na baba yangu mzazi, shemeji Yotamu kamswaga mwaka wa tatu huu. Kila nikija unasema mkwe hasimami mbele ya hakimu.")

Nasikia upepo unazungumza. (Kicheko.) Upepo ujue kwamba kifungu cha mkwe ni cha pekee, hakitanuki, wakati wake haujafika, wala hakihusiani hata kidogo na habari kwamba Yotamu ni mwanangu na maziwa ya huyo ng'ombe nayanywa mimi kila asubuhi. (Akina mama: "Eee! Kumbe!" Tusekile: "Kisomwe hicho kifungu!") Bwana Karani, msomee. (Karani anafungua kitabu. Anafunua tena, na tena. Anakohoa: "Mheshimiwa, kurasa zote nyeupe.")

Mmesikia! Katiba gani nyingine ina nafasi kubwa namna hiyo kwa hakimu kufikiri?

(Tusekile: "Kama hakuna kilichoandikwa, hakuna kinachonizuia." Anapita kati ya viti, anamzunguka Hakimu, anasimama baina yake na ukuta.)

Naam... Nimekuona, mkwe.

Katiba idumu! (Kimya.) Idumu, jamani! Basi nawashukuruni kwa kuipigia makofi Katiba hii, ambayo tutaanza kuiandika pindi wino utakapopatikana. Namshukuru Karani Jailos kwa kuinua juu daftari la shule tangu asubuhi bila kuchoka mkono. Nanyi wazee wa komiti, mkipatikana, nawashukuru pia. Yotamu, mwanangu, wewe uliyejibanza mlangoni, nenda kamlete ng'ombe wa watu, tena upesi, maana huyu hana nia ya kuondoka.