Malalamiko Dhidi ya Dada Aliyepekua Kwapa la Mke Wangu

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni fundi saa, mume wa yule mama mshonaji aliyegundulika kuwa na saratani ya titi. Namlalamikia dada anayepima ultrasaundi hospitalini kwako. Nimejizuia, nimeshindwa.

1. Uvimbe uko kwenye titi. Yeye akamwinua mke wangu mkono, akaanza kupekua kwapa. Nilipomuuliza kama amepotea njia, akasema, "Baba, saratani ikitaka kusambaa, mara nyingi huanzia kwenye tezi za huku. Lazima nizione." Tumezeeka pamoja, na mimi sijawahi kuruhusiwa kufika huko.

2. Jeli aliyompaka kwapani ili kupima ilikuwa ya baridi. Mke wangu, ambaye hakuwa amecheka tangu aambiwe ugonjwa wake, alicheka hadi kitanda kikalia. Mimi nilikuwa nimemfanyia vituko vyangu vyote bila mafanikio. Nimedhalilishwa.

3. Kisha dada akakuta tezi moja iliyonenepa, akaipima mara tatu. Mara ya tatu ilinitoa jasho hadi kwenye soksi. Akaichoma sindano kuchukua sampuli. Aliyepiga yowe ni mimi, na sasa mtaa mzima unajua.

4. Majibu yakaja: tezi haina saratani. Shemeji yangu alishahamia kwangu na masanduku yake ili aje kulia nasi. Cha kulilia hana tena, lakini haondoki, na kiti changu amekikalia.

5. Mke wangu amerudiwa na nguvu za kugombana. Juzi nilipoacha kuosha vyombo, kaniambia, "Kama ulikuwa unaosha vyombo kwa kunihurumia, baba watoto, basi endelea kunihurumia."

Kwa hiyo naomba dada huyo ahamishiwe idara isiyo na furaha, na mashine yake ifungiwe stoo.

Wasalimie wauguzi wote, mpishi wa wodini, na mlinzi wa getini anayeniita Bwana Sindano.

Wako katika manung'uniko,
Fundi Saa

N.B. Nilichelewa kuituma barua hii. Mke wangu amekwisha kufanyiwa upasuaji. Daktari alitoa uvimbe na tezi chache za kwapani ili kuhakikisha, na leo tumeambiwa zote ni safi. Dawa bado ziko mbele yetu. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia kama mtoto. Dada wa ultrasaundi akapita, akaketi kando yangu hadi nilipomaliza. Ukithubutu kumhamisha, Mheshimiwa, tutakosana.